Kiti cha Dirishani

21 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Tafadhali itikia kwa sauti, huenda nikasikia.

Sote wazima, ila kila mmoja na lake. Baba hakupumzika hata wiki. Wamempeleka kwenye jengo refu ambalo lifti zake zinakwama kila baada ya chakula cha mchana, anarudi jioni ananuka grisi na furaha. Mama, aliyezoea kusimama nyuma ya kaunta ya dawa na koti jeupe, sasa anakunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mpaka lugha ya huku imkae mdomoni. Anasema afadhali mashuka, hayaulizi maswali. Kasuku ana miaka kumi na mdomo wa watu wanne, kama unavyomjua. Ameshapata marafiki kwenye ngazi za jengo letu na hajui hata majina yao. Kitinda mimba wetu anakusalimu. Analala amelikumbatia begi ulilomshonea.

Mimi ni yule yule. Kengele ya mlango ikilia najifanya niko chooni. Uliniita Konokono, basi nimesafiri na gamba langu.

Nakuandikia kwa sababu uliniagiza. Baba alipokuwa anafunga masanduku kwa kamba ulinivuta pembeni ukasema, "Kwenye simu watu hudanganya vizuri sana. Wewe niandikie, nikuone mwandiko." Haya, uone.

Lakini nilisikia na mengine siku ile. Mlidhani nimelala juu ya mizigo. Ulimwambia Baba, "Mdogo wangu, mtoto wa miaka saba si wa kujaribia nchi. Muhula wa kwanza ukiisha hajatulia shuleni, nirudishie, nimfundishe mwenyewe kama nilivyoanza." Baba akasema sawa. Aliitikia haraka, kama anayemkubalia mwuza duka bei ili apishwe njia. Mama alikuwa anasikia. Tangu siku hiyo kila akimvalisha Kitinda shati anamkagua kama anayehesabu vifungo vya mtu mwingine.

Shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili na hatujapata ya Kasuku na Kitinda. Mimi ndiye mkalimani, maana nimesoma kwa lugha zote mbili, hivyo nikiwa nyumbani sina sauti na nikiwa ofisini nina sauti za watu wengine. Shule ya kwanza ipo mtaa wetu huu. Ofisini kuna tangi la samaki na zulia linalomeza viatu. Mwalimu mkuu alitabasamu muda wote akituambia hakuna nafasi. Ya pili ipo mbali kidogo, lango lake lina kijisanduku unachokisemesha kabla hujafunguliwa. Hiyo wakasema nafasi ipo, hata kesho. Wote wanalia hakuna nafasi, hawa wanayo. Mbona?

Nifanyeje? Wewe ndiye mwalimu.

Wako,
Konokono


7 Septemba

Mwanangu Konokono,

Marahaba. Nimeitikia kwa sauti mpaka jirani kachungulia. Amesema uzee umenianza. Nimemwambia uanzie kwake.

Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, nayazoea. Paa la darasa langu limezibwa pale lilipokuwa linavuja na sasa linavuja kwingine. Watoto wa darasa la kwanza mwaka huu ni sabini na kitu, wanabanana watatu watatu, isipokuwa dawati moja. Usiniulize habari za dawati hilo.

Mwandiko wako unainama kushoto. Ulipokuwa hapa ulikuwa umesimama. Unaogopa nini?

Umenisikia nikizungumza na baba yako, basi vizuri, sitajieleza. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilishaanza kumkunja huyo, na sitaki mtu mwingine aje amkunjue ovyo. Shule yenye nafasi wakati wengine hawana ni sawa na kibanda chenye mboga nyingi saa za jioni. Kuna kitu wanunuzi wa asubuhi walikiona.

Sasa sikiliza. Ofisi usiitazame. Ofisi kila mahali ni sebule ya wageni. Tazama vyoo vya watoto, na uende wakati hawakutarajii. Kisha simama nje wakati wa kutoka, tazama nani anatoka wa mwisho na anatembeaje. Mtoto anayebaki nyuma akifunga kamba za viatu ambazo zilishafungwa, huyo ndiye atakayekwambia habari za shule hiyo. Na sikiliza darasani. Kwangu hapigi kelele mtu. Kila mwenye la kusema hupata zamu yake na husikilizwa mpaka mwisho. Darasa ambalo wote wanasema, hakuna anayesikika.

Mama yako mbona hanisalimu kwa mkono wake? Mashuka yamemkunja na yeye?

Mbusu babangu mdomo ule usiokuwa na meno ya mbele. Kabeba jina la baba yangu, asije akasahau.

Shangazi yako


20 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mama anasema pokea salamu, na kwamba mkono wake ukipona malengelenge ya pasi ya mvuke ataandika. Malengelenge ni ya kweli, nimeyaona. Sijui kama ndiyo sababu.

Barua yako ilifika wakati wameshaandikishwa, wote wawili, katika ile shule ya kijisanduku. Baba hakuwa na subira. Hata hivyo nimefanya ulivyoagiza.

Nilikwenda muda wa kutoka, nikasimama nyuma ya baiskeli zilizofungwa kwenye uzio. Nikatazama. Watoto wakatoka wakikimbia, kamba za viatu zinaburuzika. Nikawa natafuta wa mwisho. Shangazi, wa mwisho nikawa mimi! Mlinzi alinijia taratibu, mikono mifukoni, akaniuliza namtazama mtoto wa nani. Lugha zote mbili zikanitoka. Kitu pekee kilichokuja mdomoni ni kwamba natafuta choo. Akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyeshika kuku asiye wake, kisha akanipeleka. Alinisubiri mlangoni. Kwa hiyo vyoo nimeviona, tena bila wao kutarajia: milango inafungika, sabuni ipo, na mabeseni yako chini, usawa wa mtoto. Nilinawa mikono mara mbili ili nikague vizuri.

Nilipotoka yule mlinzi alisema, "Umeridhika?" Hata leo sijui alimaanisha nini.

Darasa la Kitinda nimeliona pia, maana siku ya kwanza niliingia naye kutafsiri. Mwalimu wake ni kijana, amevaa raba, anakaa chini kwenye mkeka pamoja na watoto. Wote wanasema kwa pamoja. Nilikukumbuka. Wana meza ndogo za watu wanne wanne, na kila meza ilikuwa imejaa isipokuwa ile ya pembeni, kiti cha dirishani. Ndicho alichopewa. Kwenye ndoano ya makoti bado kuna kibandiko cha mtoto aliyekuwapo kabla, kimebanduliwa nusu, limebaki sikio la sungura. Nilimwuliza mwalimu huyo mtoto kaenda wapi. Akasema wazazi wamehama mji. Alisema upesi mno, akageuka kumfuta mtu kamasi.

Kiti kizuri, mwanga wote uko pale, nje unauona mti. Kwa nini watoto wengine hawakukigombea?

Kasuku hajambo kabisa. Amechaguliwa kugawa madaftari. Huku kumeanza baridi, Kitinda ana kikohozi kidogo, si cha kukutia hofu.

Wako,
Konokono


8 Oktoba

Mwanangu,

Salamu zako nimepokea, na za mama yako nimezipokea jinsi zilivyokuja.

Huku shwari. Mume wa jirani amenunua jogoo anayewika adhuhuri, mtaa mzima umechanganyikiwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia vyoo, sabuni, mlinzi, sikio la sungura. Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaketi nikaitafuta habari moja na sikuiona. Mtoto je? Kasuku umeniambia amechaguliwa. Babangu umeniambia amekaa. Hujaniambia amesema nini, amecheka na nani, kagombana na nani. Mtoto aliyekuwa akinihadithia ndoto zake kabla sijavua viatu!

Umeandika kiti kizuri kuliko mkaaji. Mtu akisifu kitanda sana, muulize kama mgonjwa amelala.

Na kikohozi "kidogo" ni kipi hicho? Kwenye simu Jumapili nilimsikia nyuma ya sauti ya baba yako. Kilikuwa kinatoka kifuani. Baba yako akaniambia ni redio.

Wewe hukuja kwenye simu. Ulikuwa chooni?

Niandikie yaliyopo. Muhula unakwisha Desemba, na mimi sisahau maneno ya mtu.

Shangazi yako


2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea. Baba amepewa nguo za kazi mpya zenye mifuko mingi, anapotezea bisibisi humo humo. Malengelenge ya Mama yamepona. Hajaandika.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nimekaa jikoni, wengine wamekwenda dukani. Nitakuambia kitu, halafu nitakuambia kitu cha pili, na cha pili ndicho kigumu.

Kitinda hasemi shuleni. Simaanishi ni mpole. Mimi ni mpole, najua upole. Yeye hatoi neno darasani tangu Septemba. Uwanjani anazungumza na Kasuku, nyumbani hanyamazi, anaimba akiwa anakula. Akiingia darasani anakuwa kama amefungwa kitasa. Mwalimu akimwuliza swali, anasimama. Mikono nyuma, macho kwenye meza, anasimama hivyo hivyo mpaka mwalimu amwambie kaa. Wakati mwingine anasimama bila kuulizwa, katikati ya hadithi, wenzake wote wamekaa mkekani. Wanamcheka. Wamempa jina, linafanana na "mlingoti". Mwalimu alijaribu kupiga magoti mbele yake, amtazame usoni. Akazidi kuinamisha kichwa.

Nikimwuliza kwa nini husemi, ananijibu, "Bado." Bado nini? "Bado tu." Kisha anakohoa na kujisugua sikio la kushoto.

Wametuita, mimi na Mama. Walisema kuna mtaalamu wa watoto, na kuna darasa jingine, dogo, mwisho wa korido, la watoto ambao akili zao zinahitaji njia ya pekee. Wakiafikiana hivyo kwenye kikao cha tarehe kumi Desemba, atahamishiwa huko. Na hapa ndipo nilipokosea, na bado naendelea kukosea. Mama aliponitazama aambiwe, nilimwambia, "Wanasema watampa msaada kidogo wa masomo." Akafurahi. Akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu akanitazama mimi, nami nikatazama mkeka. Mama akijua, Baba atajua, na Baba akijua, wewe utajua, na neno ni neno. Nililainisha. Nimelainisha kila kikao tangu wakati huo. Wanadhani wazazi wangu wamekubali. Wazazi wangu wanadhani hakuna la kukataa.

Cha pili ni hiki. Nimekuwa nikikushuku wewe. Shule ya samaki ungeikuta na kasoro. Shule hii umeikuta na kasoro kabla hujaisikia. Nawaza kwamba hata ningekuandikia amepata shule yenye walimu malaika, ungeuliza mbawa zao zimefuliwa na nani. Nawaza unalitunza lile dawati lake, na unasubiri tushindwe. Nisamehe kama si kweli. Na kama ni kweli, niambie, nijue naandikiana na nani.

Sijamwambia mtu mwingine. Ukimpigia Baba leo, utampata mtoto wako. Mimi nitajua ulivyompata.

Wako,
Konokono


24 Novemba

Shangazi,

Shikamoo.

Sina habari mpya za nyumbani. Barua zako hazijawahi kuchelewa hivi. Kila simu ikilia namtazama Baba usoni, nione kama anaambiwa. Jana alizungumza na mtu kwa sauti ya chini akiwa kwenye ngazi. Nilitega sikio mlangoni. Walikuwa wanazungumzia kamba za lifti. Sijui kama ni za lifti kweli.

Kitinda amesimama tena wiki hii, kila siku. Mwalimu ananiambia hilo kama anayenionea huruma.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Konokono


26 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima. Yule jogoo ameliwa.

Umeniuliza swali na utalipata jibu, ila kwanza lako la kwanza, maana siku zimekwenda na lawama ya kwenda kwake ni yangu. Barua yako ilifika mapema. Usiniulize ilikaa wapi. Ilikaa mezani kwangu na mimi nilikaa mbele yake.

Wewe na Kasuku hamkupita mikononi mwangu. Mlisoma mjini kabla baba yako hajahamia huku. Hamjui darasa langu linaendaje. Watoto sabini wakisema kwa pamoja, hata ngurumo haisikiki. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya irabu, nawafundisha jambo moja. Mwenye neno la kusema anasimama. Mikono nyuma, ili asichezee cha mwenzake. Macho mezani, ili asichekeshwe. Anangoja. Mimi namwona, na zamu yake ikifika nagonga meza yangu kwa dasta mara mbili, koh koh. Hapo anasema, na hakuna wa kumkatiza hata akisema mpaka kengele. Asiyegongewa hasemi. Hata nikimwuliza swali, atasimama angoje agongewe, kwa sababu kuna wakati nauliza ili wafikiri kwanza.

Babangu alikuwa hodari wa hilo kuliko wote. Siku moja nilimsahau, nikaitwa ofisini, nikarudi nikamkuta bado amesimama, jasho linamtoka. Nilimsifu mbele ya darasa. Nilimpigishia makofi. Na siku ya kuagana nilimshika mabega nikamwambia, "Huko uendako, ukae darasani kama ulivyokaa kwangu."

Hajanyamaza huyo mtoto. Amekuwa anaomba kusema tangu Septemba.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeinuka nikaenda kunywa maji.

Nilikuwa natafuta kasoro kwenye vyoo vyao. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo hii niliishona mwenyewe, nikampigia na pasi.

Sasa la pili. Ulishuku sawasawa. Sina la kuongeza, na wewe usiongeze. Jua tu kwamba ningeweza kukaa kimya mpaka tarehe kumi ipite.

Mwambie mama yako waliyoyasema, yote, bila sukari. Kisha nenda kwenye kikao. Usitafsiri. Sema mwenyewe.

Shangazi


12 Desemba

Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo.

Barua yako ilitangulia kikao kwa siku mbili. Nilimsomea Mama jikoni, yangu kwanza kisha yako. Aliposikia nilichomficha hakunipiga wala hakupiga kelele. Alizima jiko, akasema, "Kumbe nilikuwa namshukuru mtu anayenipokonya mwanangu." Kisha akasema, "Na wewe umenikalisha pale kama shuka." Hilo litachukua muda kunitoka. Baba alirudi, akaambiwa, akakaa kwenye ngazi peke yake. Aliporudi ndani alisema atakuja kwenye kikao, hata lifti zote za mji zikwame.

Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni. Mwalimu, yule mtaalamu mwanamke mwenye jalada mapajani, Baba na nguo zake za mifuko, Mama, mimi. Kitinda wakamwita, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha dirishani. Mtaalamu akaanza. Alisema polepole, kwa huruma, na mimi nikatafsiri neno kwa neno, mpaka "darasa la mwisho wa korido". Akamgeukia Kitinda, akamwuliza kwa upole kama anaipenda shule.

Kitinda akasimama. Mikono nyuma. Macho mezani.

Mtaalamu akaandika kitu kwenye jalada. Nilimwona mwalimu anataka kumwambia akae, na hapo, Shangazi, sijui ilitoka wapi, nikasema kwa lugha yao, na haikuwa sauti ya mtu mwingine, "Tafadhali usimkalishe. Gonga meza."

"Nigonge meza?"

"Mara mbili. Anangoja hiyo."

Alinitazama, akamtazama Mama. Mama, ambaye hakuelewa neno hata moja, akatikisa kichwa kwa nguvu: ndiyo. Mwalimu akachukua kalamu, akagonga. Koh koh. Si kama dasta, lakini ilisikika.

Kitinda aliinua uso taratibu, kama ameitwa kutoka mbali. Akasema kwa lugha ya huku, sentensi nzima, imepigwa pasi, inaonekana ilikuwa tayari siku nyingi:

"Mwalimu, dirisha langu halifungi."

Akaona hajakatizwa, akaendelea. "Na jina langu hamlitamki hivyo. Na lile swali la machungwa, jibu ni kumi na nne, si kumi na mbili." Akafikiri. "Basi." Akakaa.

Mwalimu alicheka, kisha akafunika uso kwa viganja, na alipoviondoa macho yalikuwa mekundu. Alikwenda dirishani akapitisha mkono. Upepo unapita pale, Shangazi, mwembamba kama wembe, moja kwa moja kwenye sikio la kushoto la anayekaa. Baba akainuka, akapapasa mfuko mmoja, wa pili, wa tatu, akapata bisibisi. "Komeo tu limelegea," akasema, akakaza. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuitafuta bisibisi. Wenzake Kitinda wote walijua, ndiyo maana kiti kile hakikuwa na mgombea. Na mtoto wa sungura alihama mji kweli. Nimemwuliza mlinzi. Alinijibu, kisha akauliza kama leo sihitaji choo.

Mtaalamu alifunga jalada. Alisema atarudi Januari kuona, ila akasema akiwa amesimama, koti mkononi.

Jana Kitinda amesemeshwa darasani na akajibu amekaa, lakini bado akiwa na jambo zito anasimama, na mwalimu anamgongea. Baadhi ya watoto wengine wameanza kusimama nao. Baba anasema hazungumzii tena kurudisha mtu. Ameniambia nikuandikie mimi, yeye hajui aanzie wapi.

Nilikuwa nataka kufunga bahasha. Kitinda amekuja amesimama hapa kando ya meza ya jikoni, mikono nyuma. Nimegonga. Amesema, "Muulize Shangazi kama kiti changu bado kipo."

Nimemwambia nitauliza.

Wako,
Konokono

Nami ni Mama yake. Shikamoo, wifi. Mkono umepona.


11 Januari

Mwanangu Konokono,

Marahaba wewe, na marahaba mama yako, ambaye mwandiko wake umesimama wima kuliko wa kwako na wa kwangu.

Shule zimefunguliwa. Paa linavuja pale pale pa mwanzo.

Gonga meza kabla hujamsomea haya. Jumatatu nilifika mapema, nikalifuta lile dawati vumbi. Kuna mtoto mpya, binti wa fundi viatu, mfupi, anaandika kwa mkono wa kushoto na alikuwa anabanwa kwenye benchi la nyuma mpaka anaandikia hewani. Nimemwita mbele. Amekaa. Alipokaa hakusimama tena mpaka kengele, na mpaka naondoka alikuwa ameshachora ng'ombe kwenye mbao kwa msumari. Sikumkemea.

Mwambie kiti hakipo. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika. Usilainishe.

Shangazi yenu